Butembo: Puli isiyo na nati

Katika garaji moja ya Butembo, Jeep Cherokee ya miaka ya 1990 ilikuwa imefunguliwa boneti tangu asubuhi. Pembeni, juu ya mfuko wa maharagwe, alikaa mama mmoja aliyekimbia Kanyabayonga mwaka 2024. Alitaka kufika Lubero, kilomita karibu 45, kumchukua mama yake mzazi aliyebaki kwa wenyeji na ambaye sasa miguu haimbebi.

Puli ya pampu ya usukani ilikuwa imepinda. Kwa siku tatu ilipiga kelele, na mkanda ulikwisha kulika upande mmoja. Shoferi alitaka kuondoka hivyohivyo, kwa nguvu za mikono. Fundi mzee akakataa. Kwenye injini hiyo mkanda mmoja unazungusha pampu ya usukani, pampu ya maji na altaneta pia. Ukikatika mlimani, usukani unakuwa mzito, na muda si mrefu injini inachemka.

Kijana wa garaji alitafuta nati ya kufungua, kama alivyozoea kwenye Toyota. Haikuwepo. Puli ya namna hii inakaa kwa kubanwa tu kwenye ekseli ya pampu. Akachukua nyundo.

«Acha, mwanangu! Ukipiga hapo unaua pampu yenyewe.»

Kweli, pigo la nyundo linaingia ndani na kuharibu vyuma vinavyosukuma mafuta. Wakaenda kuazima chuma cha kuvutia puli: kinashika shingo ya puli, na skrubu yake inasukuma ekseli katikati. Puli ikatoka polepole, bila kelele.

Kuirudisha ndiko kulikokula mchana. Puli nyingine ilipatikana kwa muuza vyuma vya magari mabovu, lakini inahitaji bolti ndefu inayoingia kwenye tundu la ekseli, halafu nati juu yake inasukuma puli ndani. Kijana alileta bolti ya milimita 10. Iliingia mizunguko miwili, ikakaza. Alikuwa tayari kuongeza nguvu, fundi akamshika mkono. Tundu lile ni la kipimo cha Marekani, inchi 3/8, meno 16 kwa inchi. Kwa macho bolti hizo mbili ni mapacha. Kwa meno, moja inaharibu nyingine, na tundu likiharibika hakuna tena pa kuvutia.

Shoferi alizunguka garaji nne kabla ya kupata bolti ya inchi. Mama hakusema neno. Alihamisha mfuko wake kufuata kivuli.

Fundi alikaza nati kidogo kidogo mpaka uso wa puli ukalingana na ncha ya ekseli, kisha akaweka ubao ulionyooka kuhakikisha puli zote ziko kwenye mstari mmoja. Wakainua magurudumu ya mbele, wakajaza mafuta ya usukani.

«Papa, tutafika leo?»

«Mama, ngojea kwanza tutoe hewa.»

Injini ikiwa imezimwa, kijana alizungusha usukani kushoto na kulia karibu mara 20, huku fundi akiongeza mafuta mpaka mapovu yakaisha. Injini ilipowashwa, ile kelele haikusikika.

Waliondoka saa tisa alasiri, mfuko wa maharagwe nyuma. Ile bolti ya inchi fundi aliifunga kamba, akaitundika ukutani peke yake.