Muulizeni mkizi

Haya wadau, najua kijiwe kimepooza wiki mbili nzima. Siyo kwamba nimewatupa. Ni hizi prezentesheni za mwaka wa tatu, na mimi nimeangukiwa na mada iliyowachekesha wenzangu wa hosteli: kumtumia samaki kupima sumu kwenye maji. "Si uchote maji upime, samaki wa nini tena?" Swali zuri tu. Jumatatu lazima nilijibu mbele ya lekchara, kwa hiyo leo nyie ndo mtanisikiliza mazoezi.

Ukichukua chupa, ukachota maji, ukapeleka maabara, unapata jibu la dakika ile uliyochota. Kama kuna mtu anafungulia maji machafu saa nane usiku, na wewe umefika saa nne asubuhi, maji yameshajaa na kupwa, utakuta mambo safi. Unaandika ripoti, unaenda kula. Samaki yeye hakwenda kokote. Kashinda na kulala humo humo, maji yale kayapitisha kwenye mashavu yake, kala kilichomo kwenye tope. Ukimpasua unakuta habari za miezi.

Mfano nitakaoutumia uko Ureno, kaskazini magharibi, panaitwa Ria de Aveiro. Ni lagoni, yaani maji ya chumvi yaliyojifungia nyuma ya ukanda wa mchanga. Urefu wake ni kama kilomita 45, na mlango wa kutokea Atlantiki ni mmoja tu, tena umechimbwa na watu, ukafunguliwa mwaka 1808. Sehemu kama hiyo maji yanatoka taratibu, na uchafu ukiingia unatulia. Ndani kabisa kuna kona inaitwa Laranjo. Kuanzia miaka ya 1950 mpaka 1994, kona hiyo ilikuwa inapokea maji yenye zebaki kutoka kiwanda cha klorini na kostiki soda.

Sasa sikia. Zaidi ya miaka kumi baada ya maji yale kukoma, watafiti wakaenda Laranjo kuvua mkizi, aina ya kwao, ndugu wa huyu wetu. Zebaki kwenye maji ilikuwa imeshapungua. Lakini mkizi wa Laranjo alikuwa bado na zebaki nyingi mwilini kuliko mwenzake wa sehemu safi ya ria ile ile. Kisa ni tope. Zebaki ilizama humo, bakteria wanaoishi pasipo oksijeni wanaigeuza kuwa methili-zebaki, ambayo mwili hauitoi kirahisi, na mkizi riziki yake ni kuchuja tope. Bomba limefungwa, kesi haijaisha.

Na kila kiungo kina habari yake. Minofu inatunza zebaki ya muda mrefu. Nyongo inakwambia ya juzijuzi: samaki akikutana na mafuta machafu, ini linayavunja haraka na kuyatupa kwenye nyongo, kwa hiyo kwenye minofu huyaoni ila mabaki yake yapo huko. Ini lenyewe linaongeza vimeng'enya vya kusafisha sumu. Ubongo unaonyesha kama amekutana na baadhi ya dawa za wadudu za mashambani, maana zinazima kimeng'enya kimoja cha mishipa ya fahamu. Na dume ukimkuta anatengeneza protini ya kiini cha yai, kazi ya jike, ujue maji yana vitu vinavyojifanya homoni za kike.

Msikimbilie kushangilia lakini. Ini linabadilika pia kwa joto, kwa njaa, na kwa msimu wa kutaga. Ndo maana lazima uwe na samaki wa mahali safi, wa saizi moja na mwezi mmoja, wa kulinganisha naye. Wengine wanachukua samaki wasafi na kuwaweka kwenye vizimba pale penye wasiwasi kwa siku kadhaa, ili wawe na uhakika sumu imetoka pale na si kwingine.

Juzi nikampigia baba mdogo, mvuvi wa Kunduchi, nimuulize mkizi wadogo wanapatikana wapi kirahisi. Shikamoo, marahaba, nikamweleza ninachosoma. Kanyamaza kidogo, halafu akaniambia: "Sasa mwanangu, ukimkuta ana sumu si utawaambia watu wasinunue? Mimi na wadogo zako tutakula nini?"

Jamani, hilo swali halipo kwenye desa. Nililala nalo. Wote tunajua hasira za mkizi ni furaha ya mvuvi, ila huyu mkizi wangu anaweza kumkasirisha mvuvi mwenyewe.

Nilichomjibu jana ni hiki. Vimeng'enya vya ini huanza kupanda mapema, kabla samaki hajaonekana mgonjwa. Ukiona hivyo, unaweza kumwendea mwenye bomba badala ya kumwendea mwenye meza sokoni. Kule Minamata, Japani, ugonjwa wa zebaki ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, serikali ikakiri chanzo chake mwaka 1968. Miaka 12! Walioumia wengi ni familia za wavuvi, ambao samaki ndiye chakula chao cha kila siku. Kutopima hakukuwalinda.

Baba mdogo hakusema ndiyo. Alisema, "Basi ukipima, jibu niletee mimi kwanza kabla ya magazeti." Naona ni haki yake, na nimeliandika kabisa kwenye pendekezo langu la utafiti: majibu yatasomwa kwanza kwa wavuvi, kwa Kiswahili. Lekchara akilikata tutabishana.

Mnaosoma sheria na uchumi, nisaidieni: mvuvi akikatazwa kuuza kwa sababu ya uchafu wa mtu mwingine, nani amlipe? Niachieni maoni hapo chini. Mimi naenda foleni ya kafeteria. Leo ni wali samaki, na ndiyo, nitakula.