Kwa Mwakio, Kuhusu Ile Mashine ya Gemu

Mwanangu Mwakio,

Huku Voi jua limekaza kweli. Nyanyako amerudi Sagalla juzi baada ya kliniki. Mguu unaendelea vizuri, na anasema ndovu walikuja usiku hadi kwenye uzio wa mizinga ya nyuki, wakageuza njia. Ninyi wa Wundanyi mnaolalia blanketi mbili hamjui shida zetu.

Ujumbe wako nimeupata. Una elfu thelathini za jasho lako la mjengo, na wataka nikuamulie: PS4 iliyotumika, au kompyuta ya kawaida ya kuchezea gemu. Babako alinipigia kabla yako akitaka nikukataze zote mbili. Sikukatazi. Aliyebeba mawe likizo nzima ana haki ya kucheza. Na kwa kuwa najua barua hii ataisoma, kaka, salaam aleikum.

Sasa nisikilize. Katika saiba yangu vyote viwili viko chini ya paa moja: kompyuta mbele kwa wateja wa eCitizen na KRA, PS nyuma kwa vijana wa mpira. Kwa pesa ulizo nazo, PS4 itacheza gemu vizuri kuliko kompyuta, tusidanganyane. Unachomeka, unatia CD, mpira unaanza. Ukiichoka CD unabadilishana na mwenzako au unaiuza. Gemu za kompyuta siku hizi nyingi hazina CD, lazima uzishushe, na GTA V peke yake inakaribia GB 100. Hesabu hizo bando mwenyewe.

Ila PS ni mgeni anayekuja bila kiti chake. Inataka TV, na TV ya kwenu ni moja, iko sebuleni. Saa moja jioni babako yuko kwenye taarifa, mamako anangoja kipindi chake, wewe utaachiwa usiku wa manane. Ukienda chuoni Septemba, ama itabaki na wadogo zako, ama utaibeba ukaombe TV ya watu. Ukitaka kucheza na wenzako walio mbali, gemu nyingi za PS4 zinakudai ulipie PS Plus, ada ambayo kwenye kompyuta haipo.

Halafu kuna pedi. Fimbo ya kushoto ndiyo hufa kwanza: mchezaji anaanza kutembea peke yake kuelekea kibendera cha kona, na kijana anaapa mbele yangu kwamba hajagusa kitu. Vumbi letu jekundu nalo linajaa kwenye feni mpaka mteja wa KRA aliye mbele anauliza ni nini kinavuma. Nafungua, nasugua kwa brashi ya rangi, nafunga. Baada ya wiki chache ni yaleyale.

Nunua kompyuta. Lakini ile sababu uliyoniandikia, kwamba itakusaidia masomoni, iache. Hiyo uliitunga kwa ajili ya babako. Utacheza, na sote tunajua utacheza. Yangu ni nyingine: wewe ndiwe uliyefungua redio ya nyanyako ukiwa darasa la tano, ukaifunga ikiwa inazungumza. PS4 ikizima, wengi humpelekea fundi na kungoja simu yake. Kompyuta utaifungua mwenyewe, ujue kama ni RAM, diski au pawa saplai, ununue kipande hicho kimoja na mengine yaendelee. Mkono kama wako usinyimwe bisibisi.

Ukifika kwa wauza kompyuta zilizotumika za ex-UK, usibabaishwe na kibandiko cha Core i5. Soma nambari inayofuata. i5-4590 ni kizazi cha 4, i5-8500 ni cha 8. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu. Ukiona ya zamani imeshushwa bei mno, jua rahisi ni ghali. Usichukue kasha jembamba, maana hupokea kadi fupi tu za grafiki na pawa yake ni ndogo. Chukua lile refu. Kadi yenyewe haitaenea kwenye elfu thelathini ukishalipia skrini, basi anza na grafiki za ndani ucheze San Andreas na mpira wa zamani. Ukipata kibarua kingine tutatafuta GTX 1650, zile zisizohitaji waya wa pawa wa ziada.

Ile GTA VI uliyoniandikia kwa herufi kubwa imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series. Si PS4 wala kompyuta yako itakayokupa kwa sasa. Hiyo utakuja kuichezea kwangu, nikiamua kuinunua.

Bakiza pesa za kifaa cha kuilinda kompyuta stima ikirudi kwa nguvu, maana ya kwenu naijua. Fuliza usiiguse, hata kwa shilingi mia. Na nisisikie kwamba watoto wenye sare za shule wanajazana chumbani mwako kwa shilingi kumi kumi. Kwangu hawaingii, na kwako wasiingie.

Jumamosi panda matatu ya asubuhi, pesa ziwe kwenye simu. Dukani wewe nyamaza, bei nitauliza mimi. Kabla ya kulipa tutawasha gemu na kuiacha icheze nusu saa, mwenye duka akune kichwa akipenda. Na umwambie mamako zile ndizi za mwisho ziliisha siku ileile zilipofika.

Shangazi yako,
Mkamburi