Mpiga Kinanda Aliyekaa Mbali na Meza ya Bwana

Jambo ninaloandika hapa sijawahi kulitamka mimbarani. Nimelifundisha darasani mara moja tu, na mara hiyo nilikosea. Jina lake ni punyeto, na wanaotaka neno la adabu zaidi husema kujichua. Mama mmoja wa kwaya aliposikia kwamba nitaliandikia aliniuliza, "Baba Mchungaji, na hayo nayo ni ya kuwekwa kwenye kitabu cha kanisa?" Nilimjibu kwamba yamekwisha kuwekwa kwenye nguzo za umeme. Vibandiko viko kila mahali mijini: dawa ya nguvu za kiume, tiba ya walioathirika na punyeto, na namba ya simu chini yake. Mganga anahubiri juu ya jambo hili asubuhi na jioni. Sisi tumenyamaza.

Kijana nitakayemzungumzia ameniruhusu nieleze habari zake, na nimebadili machache ili asitambulike. Ana miaka 22. Anafanya kazi kwenye mashine ya kukamua alizeti, na Jumapili anapiga kinanda kwenye kwaya ya vijana. Ni kijana mtulivu, wa kuamkia wazee kwa mikono miwili. Siku moja baada ya ibada mzee wa kanisa alinivuta pembeni akaniuliza kama nimewahi kumwona mpiga kinanda wetu akishiriki Chakula cha Bwana. Nilijaribu kukumbuka nikashindwa. Kila mara watu walipokwenda altareni yeye alibaki kwenye kinanda, na hakuna aliyeshangaa, kwa maana nani mwingine angepiga?

Nilimwita ofisini Jumamosi. Alikuja ametoka kazini, nguo zikinuka mashudu. Tuliongea habari za mavuno, habari za mama yake, bei ya mafuta. Nilipomuuliza juu ya Meza ya Bwana alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaitazama mikono yake na kusema, "Mchungaji, mikono hii haifai kupokea kitu kitakatifu."

Akanieleza. Tangu akiwa na miaka 15 amekuwa akipiga punyeto. Ameacha, amerudi, amefunga, ameapa, amerudi tena. Wazazi wake wameanza mazungumzo na familia ya binti mmoja, na yeye kila mara anatafuta udhuru, kwa sababu anaamini amekwisha kuwa si mwanaume kamili. Mshahara wa miezi miwili ameutumia kununulia unga wa mizizi. Na Meza ameiacha miaka mitatu kwa kuogopa kula hukumu yake mwenyewe. Nilimuuliza nani alimfundisha kwamba Mungu anamhesabia hivyo. Akasita, akasema kwa heshima kabisa, "Ni wewe, Mchungaji. Darasa la kipaimara. Ulitusomea habari za Onani, ukasema Mungu alimuua kwa sababu hii."

Nilikumbuka. Nilikuwa mchungaji mgeni katika usharika huu, na vijana walikuwa wakicheka-cheka nyuma ya darasa. Nilitaka kuwatisha, nikawatisha.

Jambo baya zaidi ni kwamba nilikuwa najua ukweli. Pale Makumira tulisoma Mwanzo 38 kwa makini, na nilipata alama nzuri. Eri, mwana wa Yuda, alikufa bila mtoto. Ndugu yake Onani akaamriwa amwingilie Tamari, mjane, ili amwinulie marehemu uzao. Onani alikubali kulala naye lakini kila mara alimwaga mbegu chini, kwa kuwa alijua mtoto hangehesabiwa kuwa wake. Hapo hakuna punyeto. Kuna mwanaume anayemtumia mjane kwa raha yake huku akimnyima haki yake na kulifuta jina la ndugu yake. Baadaye nilisoma sura hiyo katika ushirika wa nyumba kwa nyumba, na mzee mmoja wa Kinyaturu, ambaye hakupita darasa la nne, alisema kabla sijaeleza chochote, "Huyu alikuwa mwizi." Wazee wetu wameijua mila ya kurithi mjane, hawakuhitaji Kiebrania. Kwa haki nikiri pia kwamba Luther mwenyewe, katika mihadhara yake juu ya kitabu cha Mwanzo, alikemea vikali tendo la Onani la kumwaga mbegu. Lakini ukisoma sura yenyewe, kosa linalosimuliwa ni lile dhidi ya Tamari na marehemu.

Basi kwa nini niliwafundisha vile? Nimelifikiri sana tangu Jumamosi ile. Nilipokuwa mwanafunzi wa theolojia, bado sijaoa, jambo hilihili lilinisumbua. Sikumwambia mtu. Niliendelea kushiriki Chakula cha Bwana ili nisitazamwe, na nikaenda nikawa mkali kwa vijana juu ya kitu nilichoshindwa kukisema juu yangu mwenyewe. Mke wangu amesoma sentensi hizi kabla yenu, naye ndiye aliyesema nizibakize.

Tukarudi kwenye Biblia, mimi na kijana, mchana ule. Tulisoma Walawi 15. Pale mwanaume aliyetokwa na mbegu anaambiwa aoge mwili mzima, naye atakuwa najisi mpaka jioni. Hakuna sadaka inayodaiwa hata ya njiwa wawili. Kijana alirudia, "Mpaka jioni?" Nikamwambia asome tena mwenyewe.

Sikumwambia kwamba basi mambo yamekwisha. Tulisoma pia Mathayo 5, ambapo Bwana Yesu anasema kwamba anayemtazama mwanamke kwa kumtamani amekwisha kuzini naye moyoni. Nikamuuliza akilini mwake huwa kuna nini. Akasema simu. Picha za ngono, usiku, bando likiwepo. Hapo ndipo ninapoona dhambi bila shaka yoyote. Wale mabinti kwenye zile picha ni watu, wana mama zao, na wengine wamefika pale kwa kulazimishwa au kwa njaa. Kumgeuza binti wa watu kuwa kitu cha kutumia na kufunga ni kosa lilelile la Onani kwa Tamari, tofauti ni kwamba huyu hajui hata jina lako.

Kuhusu tendo lenyewe, Maandiko hayalitaji kwa jina, na mimi sina mamlaka ya kutunga amri ya kumi na moja. Wakristo wanatofautiana hapa, na ni vizuri washarika wajue. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inalihesabu kuwa kosa zito, ingawa inaagiza pia kwamba katika kupima hatia ya mtu kuangaliwe uchanga wake, nguvu ya mazoea na mahangaiko ya moyo. Wako wachungaji Waprotestanti wanaosema ni dhambi daima, na wako wanaosema ni sehemu ya kukua isiyohitaji hata kutajwa. Katekisimo Ndogo ya Luther ya mwaka 1529, ile tuliyoikariri sote, inapoeleza amri ya sita inatutaka tuishi kwa usafi katika maneno na matendo, na mume na mke wapendane na kuheshimiana. Basi.

Mimi naona hivi. Mungu aliumba tamaa ya mwili ili iwavute watu wawili wakaribiane. Punyeto inamrudisha mtu kwake mwenyewe, kwa hiyo ni pungufu ya zawadi ile, na anayeifanya mara nyingi anaujua upungufu huo kwa upweke unaomfuata. Lakini siwezi kuweka mizani moja kwa wote. Mvulana wa miaka 14 anayeugundua mwili wake si sawa na mume aliyemwacha mke kitandani akajifungia na simu. Mama mmoja ambaye mume wake alikwenda Mererani kwenye machimbo, na kwa miezi minane hakuleta salamu wala pesa, aliwahi kuniuliza swali hili kwa minong'ono, akilia. Nilishindwa kumwona kama mwenye hatia wa kwanza katika nyumba ile. (Ndiyo, na wanawake pia. Tunazungumza kana kwamba ni la wavulana peke yao.) Na Paulo anawaambia Wakorintho kwamba hatakubali kutawaliwa na kitu chochote: hilo ni kipimo kizuri. Kitu kinachokuzuia kulala, kufanya kazi na kuoa kimekwisha kuwa bwana.

Juu ya mwili wake nilimwambia alichoniambia daktari, rafiki yangu wa siku nyingi: hakuna ushahidi kwamba punyeto hupofusha macho, humaliza mbegu au huua nguvu za kiume. Mbegu mwili unaendelea kuzitengeneza. Mwanaume aliyepungukiwa nguvu aende hospitali apimwe sukari na presha, na aangalie pombe, sigara na mawazo. Hofu hii nayo ina historia. Ilienea sana Ulaya katika karne ya 18, na mwaka 1760 Samuel Tissot, daktari wa Uswisi, alitoa kitabu kilichodai kwamba mwenye tendo hili hudhoofika na kuharibika mwili mzima. Madaktari na walimu waliirudia hofu hiyo kwa miaka mingi. Kitabu chake alikiita kwa jina la Onani. Kumbe siku ile darasani nilikuwa nafundisha habari za Tissot nikidhani nafundisha Mwanzo.

Na sisi hatukuwa na kitu kingine cha kuwapa vijana. Babu zetu walikaa jandoni wakaelezwa habari za mwili na wazee. Mimi nilipelekwa zahanati wakati wa likizo, nikarudi na bandeji.

Kilichobaki ni ile hukumu ya 1 Wakorintho 11, ya kula isivyostahili, iliyomfunga miaka mitatu. Nilimwomba aanze kusoma juu kidogo. Wakorintho wenye mali walikuwa wanakula na kulewa mapema, na maskini wakifika wanakuta hakuna kitu. Ndiko kula kunakokemewa pale. Halafu angalia anachosema Paulo mtu afanye akishajihoji: ale mkate na anywe kikombe. Hasemi ajihoji akakae kwenye kinanda. Na Luther katika Katekisimo anafundisha kwamba anayestahili ni yule anayeamini kwamba mwili huo umetolewa kwa ajili yake.

Kisha nilimuuliza kama angependa kuungama. Alishangaa, akasema hayo ni ya Wakatoliki. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, kifungu cha 11, linasema ondoleo la mtu mmoja mmoja lidumishwe, wala si lazima kuhesabu kila kosa. Tunalo, ila tumeliweka kabatini. Nikamsimulia Luther akiwa mtawa, jinsi alivyoungama kwa saa nyingi mpaka mkuu wake Staupitz akachoka kumsikiliza. Kijana alicheka, mara ya kwanza siku ile. Akapiga magoti. Nikaweka mkono juu ya kichwa chake na kumtangazia msamaha. Tulipoinuka nilimwomba na yeye anisamehe kwa lile somo. Aliona haya, akasema, "Usiseme hivyo, Baba." Nikamwambia nasubiri jibu. Akasema, "Nimekusamehe."

Jumapili iliyofuata nilimwomba binti wa shule ya Jumapili ashike kinanda wakati wa Meza. Alikosea noti nyingi. Kijana alikuja wa mwisho kabisa, akanyoosha mikono.

Sijaandika haya kwa kuwa ameshinda. Simu ya kisasa aliiuza, akanunua ndogo ya tochi, lakini mwezi jana alinipigia usiku akasema ameanguka tena, na akauliza kama Jumapili aje. Nikamwambia aje, na awahi mazoezi ya kwaya. Mazungumzo na familia ya binti yanaendelea. Wamekwama kwenye idadi ya ng'ombe.

Darasa la kipaimara la mwaka huu niliwapa vikaratasi waulize chochote bila kuandika jina. Vilirudi 31. Vinne vilikuwa juu ya Onani, na kimoja kati ya hivyo kilikuwa na mwandiko wa kike. Jumamosi hii tunaanza na hicho.