Udongo wa Thika si wa Ruiru, na landlodi hajali

Wacha niseme kitu ambacho zile video za "panda mboga kwako" huwa hazisemi. Unazijua. Mtu amesimama kwa balkoni pana kuliko keja yako yote, udongo ametoa kwa mfuko, mweusi, laini kama keki, halafu anakuambia ni rahisi tu. Toboa shimo, weka mbegu, mwagilia, cheka na kamera. Hasemi ni udongo gani. Hasemi nyumba ni ya nani. Na mimi naona hivyo viwili, udongo na mwenye nyumba, ndivyo vinaamua kama utakula sukuma yako mwenyewe ama utaendelea kununua ya 20 inayopungua kila mwezi.

Mimi nimelelewa Thika, ule upande wa kushika barabara ya Gatanga. Saa hii naishi Ruiru, bedsita, ghorofa ya nne, upande wa Eastern Bypass. Kati ya hapa na kwa mathe ni kilomita kama 20 tu, gari moja. Lakini udongo, manze, ni kama umevuka mpaka wa nchi.

Kwa mathe udongo ni mwekundu. Ule wa kuchafua soksi nyeupe milele. Ni mzito kiasi lakini unapitisha maji, unaenda chini sana, na mizizi inateremka bila kupigana na mtu. Rangi inatokana na chuma iliyo ndani, kutu yenyewe. Shida yake ni kwamba una asidi kidogo na unashikilia fosforasi kama mtu mchoyo, yaani fosforasi iko ndani lakini mmea hauipati. Ndiyo maana kila mtu huko anapigania samadi, na ndiyo maana mathe humwaga jivu la jikoni kwa shamba lake kidogo kidogo. Hakufundishwa na mtu wa chuo. Jivu linapunguza asidi, basi. Na udongo huo huo ndio ulifanya kahawa ishike maeneo haya. Shosho wangu alichuma kahawa Ruiru akiwa msichana. Aina ya kahawa inayoitwa Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985, ilipata jina lake hapa kwa kituo cha utafiti wa kahawa. Leo ukimwonyesha shosho pale alipokuwa akichuma, anaona maghorofa na anauliza watu hawa wote wanakula nini.

Swali zuri, shosho.

Sasa vuka Thika Road uje upande wangu. Kuanzia huku Ruiru hadi Juja Farm, sehemu kubwa ni ule udongo mweusi watu huita black cotton. Hata kama hujui jina unaujua, ndio ule unafanya kiatu chako kiwe na kilo mbili mvua ikinyesha. Si kwamba mtu alileta mawe mengine huku. Sehemu kubwa ya tofauti ni maji: kule juu kwenye mteremko maji yanapita na kwenda zake, huku kwenye tambarare yanakaa, na kwa maelfu ya miaka udongo unakuwa kitu kingine. Huu mweusi unavimba ukinyonya maji na unasinyaa ukikauka. Wakati wa jua unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Ukiwa na maji hewa haiingii, mizizi inaoza.

Lakini sikiza: una rutuba. Unashika chakula cha mmea vizuri, na unashika maji siku nyingi baada ya ule mwekundu kukauka. Ubaya wake ni kwa nyumba. Kwa sababu unavimba na kusinyaa, ukijenga juu yake ukuta unapasuka. Kwa hivyo kila ploti inayojengwa huku wanaanza kwa kuuchimba wote mpaka chini pagumu, lori linaubeba linaenda kuutupa, halafu shimo linajazwa mawe na murram. Juu ya murram, kabro. Ukuta mpaka ukuta.

Yaani tunalipa mtu atupe udongo wenye rutuba, halafu tunaenda dukani kununua udongo wa mfuko. Hapo ndipo mimi huchoka.

Hii kitu inanigusa kwa sababu ya pesa, sitadanganya. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikakataa. Ile miezi nilirudi kwa mathe bila kazi, tulikula kutoka kwa kipande cha shamba kisichozidi kitanda viwili. Terere, managu, sukuma, vitunguu vya majani. Hatukununua mboga karibu mwaka mzima. Hata hii kazi ya kushika kamera nilianzia hapo, nikimrekodi mathe akinitukana kwa upole. Kwa hivyo mtu akiniambia kupanda mboga mjini ni hobi ya kupunguza stresi, sawa, lakini kwetu ilikuwa chakula cha jioni.

Nilipohamia Ruiru jirani yangu, mwanafunzi, alikuwa amejaza ndoo tatu za rangi na udongo mweusi kutoka kwa mjengo, akapanda spinachi. Hakutoboa chini. Baada ya wiki mbili ilikuwa uji. Akasema udongo wa Ruiru ni mbaya. Nikampigia mathe simu, akauliza jambo moja tu: "Huyo kijana aliuchimba ukiwa na maji?" Ndio, ilikuwa mvua. "Haya basi. Huo haushikwi ukiwa na maji. Ngoja ukauke kiasi, uvunje, ndio uchanganye."

Kabla ya kupanda chochote, jua ulichonacho. Chukua chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, weka udongo mpaka kati, jaza maji, tikisa kama umekasirika, halafu weka chini usiiguse. Mchanga unashuka kwa dakika moja hivi. Vumbi la kati linafuata baada ya saa kadhaa. Ule mfinyanzi wenyewe unaweza kuelea mpaka kesho. Ukiona tabaka la juu ndilo nene kuliko yote, una kazi ya kufanya. Njia ya haraka zaidi: lowesha kiganja kimoja cha udongo, uubane kati ya kidole gumba na kidole cha shahada mpaka utoke kama utepe. Ukikatika mara moja, mchanga umezidi. Ukitoka mrefu na kung'aa, ni ule wa kuvimba. Dakika mbili, bila pesa.

Huu mweusi, mimi hupima kwa ndoo. Ndoo moja ya udongo uliokauka na kuvunjwa, moja ya samadi iliyooza vizuri, na moja ya kitu kinachofungua nafasi za hewa. Maganda ya mchele ni mazuri ukipata mtu anayetoka Mwea. Maganda ya kahawa pia, Thika kuna viwanda vya kukoboa kahawa, lakini yaache yaoze kwanza. Ukikosa vyote, kokoto ndogo. Usiongeze jivu huku, huu mweusi hauna shida ya asidi. Ule mwekundu ndio unaweza kupewa jivu, kiganja tu kwa ndoo. Samadi ya kuku ikiwa mbichi itaunguza miche, iache mpaka isinuke. Na kuna udongo wa tatu ambao watu wanausahau, ule wa ploti yenyewe: murram, vipande vya saruji, misumari, karatasi za simiti. Huo usihangaike nao. Saruji inafanya udongo uwe chungu kwa mizizi. Pia usichukue udongo kando ya gereji au pale taka huchomwa, hata kama ni mweusi wa kupendeza. Utakula mafuta machafu na risasi ya betri kwa sahani.

Nafasi sasa. Gunia si kitu kipya. Kibera, baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, shirika la Kifaransa linaloitwa Solidarités lilianza mwaka 2008 kufundisha watu kupanda kwa magunia na kuwapa miche, na yakaenea kwa sababu ujanja wake ni rahisi. Unachukua mkebe usio na kitako, unausimamisha katikati ya gunia, unaujaza mawe, unajaza udongo pembeni, halafu unauvuta mkebe juu na kurudia. Mwishowe una nguzo ya mawe katikati, na maji yanafika hadi chini. Pembeni unatoboa na kupanda sukuma, juu unaweka vitunguu ama dhania. Mtu mwenye nafasi ya ndoo mbili anapata miche thelathini.

Lakini usiweke gunia kwa ghorofa ya nne. Hapa nitamtetea landlodi, mara moja tu. Gunia la kilo 90 likijazwa udongo na maji linapita kilo 100 kwa urahisi. Ndoo ya lita 20 inafika karibu kilo 30. Weka magunia sita kwa baraza moja na umeegesha gari ndogo pale. Na maji yanayotoka chini yanatafuta nyufa, yanashuka kwa dari ya mtu wa tatu, na huyo mtu ana simu ya landlodi.

Hivyo ndivyo notisi ilifika kwetu. Karatasi kwa geti: mimea yote itolewe kwa baraza na juu kwenye kamba za nguo, siku saba. Nikamtafuta mzee mwenyewe, maana msimamizi wa ploti hana neno la kusema. Nikamsalimia vizuri, nikamwambia mzee, hoja ya uzito nimeikubali, ndoo nitashusha. Naomba ukanda mmoja tu hapo chini kando ya ukuta wa nyuma, nusu mita, utolewe kabro. Akaniangalia kama nimeomba hati ya shamba. "Kijana, hii ni nyumba ya kukodisha, si shamba."

Nilikuwa nimepima. Ule ukuta una mita 12. Ukipanda sukuma mstari mmoja, sentimita 45 kati ya mche na mche, inaingia miche 26 hivi. Miche 26 ikitunzwa inaanza kuchumwa kama miezi miwili baada ya kupandikizwa, na inaendelea kwa miezi mingi. Si mboga ya ploti nzima, niwe mkweli, lakini ni mboga ya watu kadhaa kila wiki. Nyuma ya ukuta hakuna gari linaloegeshwa. Hakuna mtoto anayecheza. Pako kabro kwa sababu fundi alikuwa na kabro.

Na kabro yenyewe haimsaidii. Zile mvua za Machi hadi Mei 2024 kila mtu wa hii barabara anazikumbuka. Ploti yote ikiwa imefunikwa, maji ya paa na ya uwanja yanakimbilia geti moja, yanaingia kwa vyumba vya chini, na landlodi ndiye anayeita watu wa kuyatoa. Ukanda wa nusu mita hautazuia mafuriko, udongo wa huku haunywi maji haraka hivyo. Utayapunguza tu, tena bure.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya, na najua kuna wenye ploti watanikasirikia. Wakati kaunti inapitisha ramani ya nyumba za kukodisha, iulize choo, iulize ngazi, iulize maegesho, na iulize pia udongo umebaki wapi. Mita moja kando ya ukuta mmoja. Ule mweusi uliochimbwa usiende kutupwa wote, robo ya lori ibaki pale, ichanganywe na samadi, ipandwe. Gharama ni ndogo kuliko kabro iliyokatwa na kutupwa. Watu wanasema vijana hawataki shamba. Tunalitaka wapi, kwa dari?

Mzee hajakataa kabisa. Aliniambia atauliza mwanawe, ambaye ndiye hushika hesabu. Nikamtumia mwanawe picha ya kipande cha mathe kule Thika na ile hesabu ya miche 26, akajibu na kidole gumba, ambacho sijui kinamaanisha nini kwa lugha ya watu wenye ploti. Ndoo zangu nne ziko chini karibu na tangi, terere ya kwanza nilichuma wiki ya nne. Jirani yangu wa spinachi sasa ametoboa ndoo zake, na Jumamosi tunaenda kwa ule mjengo wa pili kutoka stegi kabla lori halijafika. Tumeongea na fundi. Amesema tubebe tunavyotaka, mradi tuje na magunia yetu na tusiwe njiani saa ya simiti.