Zima Taa Hiyo

Picha niliyopiga usiku ule bado iko kwenye simu yangu. Haionyeshi kitu cha maana: mchanga uliogeuka mweupe kwa flashi, giza nyuma yake, na pembeni kushoto jicho moja linang'aa. Sijawahi kuiposti. Kuifuta pia nimeshindwa.

Nilikuwa nimemaliza wiki mbili Watamu. Mkataba wangu wa kazi Nairobi uliisha Machi, kazi ya kupokea simu za wateja wenye hasira, na badala ya kukaa Umoja nikihesabu siku zilizobaki kabla ya kodi, nikaenda kujitolea na kikundi kinacholinda kasa. Nikisema ukweli, sikwenda kwa sababu ya kasa. Nilitaka tu kuwa mtu ambaye ameenda mahali. Treni ya usiku hadi Mombasa, matatu hadi Gede, tuktuk hadi baharini, na tayari nilikuwa nimeposti mara tatu kabla sijamwona mnyama yeyote.

Hakuna aliyeniambia kazi yenyewe inachosha vile. Doria huanza saa tatu usiku. Unatembea ufuoni kwenye mchanga unaotitia, kwenda na kurudi mpaka karibu alfajiri, ukitafuta alama kama za tairi la trekta zinazotoka majini. Taa ni nyekundu na huwashwa ikibidi tu, kwa maana kasa jike akiona mwanga mweupe anaweza kugeuka arudi alikotoka kabla hajataga. Kwa wiki mbili sikuona trekta wala tairi. Niliona kaa. Niliona wapenzi chini ya mivinje. Mvua ya masika ilinikuta mara nne, na viatu vyangu vya bei vikaanza kunuka kama soko la samaki.

Nilipangiwa kutembea na mzee mmoja wa pale kijijini. Wote tulimwita Mzee, naye aliniita mwanangu. Alikuwa na tabia ya kusimama ghafla, anatazama maji, anasema "leo hapana," na kweli inakuwa hapana. Nilidhani ni kipaji. Siku ya tano akaniambia, sauti ileile, kwamba kwa miaka mingi alikuwa mwindaji wa kasa.

"Pwani yote hii nimewageuza chali," alisema. "Akilala chali hana ujanja. Wamwacha hapo, waenda kuita wenzako."

Sikujua nijibu nini, kwa hivyo nikasema "sawa."

Usiku wenyewe tulimsikia kabla ya kumwona. Pumzi nzito, kama ya mtu anayepanda ghorofa ya nne na mtungi wa gesi begani. Mzee alinishika mkono, tukalala kifudifudi. Alikuwa kasa wa kijani, mgongo mpana kuliko meza yetu ya sebuleni, akijikokota hatua mbili, anapumzika, hatua mbili tena. Tulikuwa tumefundishwa: subiri achimbe shimo, subiri aanze kutaga, hapo unaweza kumsogelea kwa nyuma taratibu. Kabla ya hapo, usithubutu.

Mimi nikatoa simu. Nilikuwa nimezima flashi. Yaani ningeapa nilikuwa nimeizima.

Mwanga ukapiga. Kasa akasimama, kichwa juu. Kisha akaanza kugeuka, na polepole ile ndiyo iliyoniuma. Angekimbia ningeweza kusema amekimbia, basi. Lakini alichukua kama dakika kumi kurudi majini, mapezi yakichimba mchanga uleule alioupanda, nasi tumelala pale tunamtazama.

"Zima taa hiyo," Mzee alisema.

"Imeshazima."

"Zima."

Tulitembea karibu saa nzima bila neno. Mwishowe nikauliza kama atarudi. Akasema mwenye mayai hana budi, atajaribu kesho au penginepo, lakini akizuiwa sana huyamwaga baharini. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Ile asubuhi sikulala. Nilikuwa nafanya hesabu ambazo nilifundishwa siku ya kwanza nikaziandika bila kuzifikiria. Kasa wa kijani huchukua miaka 25 au zaidi kabla ya kuwa mzazi. Wanasayansi hukadiria kwamba katika vifaranga 1,000 labda mmoja hufika umri huo. Akifika huogelea mpaka pande zile alikozaliwa, anapanda ufuo usiku. Anakuta mtu wa Umoja na simu.

Saa moja asubuhi simu ya ofisini ikalia. Mvuvi alikuwa amenasa kasa kwenye jarife, tukamfuate. Tulimkuta kijana wa rika langu, ameketi kando ya mashua, kasa mdogo amefunikwa gunia lililoloweshwa. Tulimpima, tukambana kibati cha namba kwenye pezi, na kijana akapewa pesa kidogo za nyavu na muda wake. Mimi, labda kwa sababu ya ile aibu ya usiku, nikaanza hotuba: asante kwa kuokoa uhai, jamii inahitaji vijana kama wewe. Akaniacha nimalize.

"Dada, mimi sijaokoa kitu. Nimepiga simu."

Nikamuuliza angepata ngapi akimuuza. Akacheka, akasema inatosha karo ya muhula na deni la mashine. Anajua ni jela, lakini pia anajua wanunuzi.

"Sasa mbona hukumuuza?"

"Leo nimepiga simu," alisema. "Ya kesho usiniulize."

Tulimwachilia yule kasa mbele yake. Alimtazama mpaka akapotea, kisha akarudi kushona nyavu. Kile kipande kilichokatika kilikuwa kikubwa kuliko pesa alizopewa, hata mimi nisiyejua nyavu niliona.

Jioni nilimpigia mamangu. Alizaliwa Malindi, akaolewa Nairobi, na kwangu pwani ilikuwa mahali pa Krismasi tu. Nilitaka kumweleza jinsi watu wanavyowamaliza hawa wanyama.

"Kasa?" akasema. "Si ndiyo ile dawa yako."

"Dawa gani?"

"Ukiwa na miaka minne, kifua kimekubana. Nyanya yako akaleta chupa ya mafuta. Kijiko asubuhi, kijiko jioni. Ulikuwa unalia!"

Nilikumbuka papo hapo. Chupa imefungwa kwa gazeti, rangi ya manjano, harufu ambayo haikutoka kwenye kijiko hata kikioshwa. Maisha yangu yote nilidhani ni mafuta ya samaki ya duka la dawa.

"Yalinisaidia?"

"Ulipona. Lakini pia tulikupeleka hospitali."

Usiku nikamwambia Mzee, nikijaribu kuifanya kichekesho. Hakucheka. Aliuliza ilikuwa mwaka gani. Nikamwambia. Akauliza, Malindi? Nikasema ndiyo. Akatembea kidogo.

"Mafuta ya Malindi miaka ile mengi yalitoka kwangu," alisema. "Huenda alikuwa wangu."

Usiku wa nne baada ya ile flashi tukakuta alama za trekta. Kasa alikuwa ameshaondoka, na kiota alikiacha chini mno, mahali ambapo maji ya bamvua yangekifikia. Nikauliza kama ni yule yule. Mzee akasema alama hazina jina.

Mayai yakitagwa mahali pabaya huhamishwa ndani ya saa chache, tena bila kugeuzwa, maana kiini kikishajishika juu, ukiligeuza yai umekiua. Mzee alichimba kwa mikono mpaka bega likazama. Nilifikiri nitashika ndoo. Akanipisha.

"Toa wewe."

Ni laini, mviringo kama mpira wa tebo tenisi, na bado yana joto. Niliyatoa moja moja, 112, juu likabaki juu, kwenye ndoo yenye mchanga mbichi. Simu niliiacha chumbani. Pale tulipoyafukia alichagua mwenyewe, jua kidogo kivuli kidogo, kwa sababu joto la mchanga ndilo huamua jinsia: ukipita nyuzi 29 hivi, wengi hutoka majike, na siku hizi mchanga una joto kuliko zamani.

Mayai huchukua kama miezi miwili. Pesa zangu hazikuchukua miezi miwili. Nilirudi Nairobi, nikapata kibarua kingine cha simu, wateja wengine, hasira ileile.

Mwezi wa Juni ujumbe wa sauti ukaingia wakati wa chakula cha mchana, kutoka simu ya mjukuu wake. Upepo mwingi. "Mwanangu, wametoka. Tisini na mmoja. Wa mwisho alichelewa mpaka jua likachomoza, kunguru akamnyakua mbele ya macho yangu. Nikamtupia kiatu."

Nikamuuliza kama kilimpata.

Hapana, akasema, na kiatu chenyewe kimekwenda na maji.