Jerikeni 9 kwa siku: kazi ya mafigo ambayo hatuioni

Wiki hii zamu ya kuandika ni yangu, na mimi nimechagua mafigo. Najua kuna watakaosema hilo ni somo la bayolojia, tulishalichora kwenye daftari tukapewa alama, basi. Ni kweli. Lakini mtoto wa nyumbani akianza kukojoa mkojo wa rangi ya chai kavu, ile picha ya daftari inageuka kuwa kitu kingine. Huyo mtoto nitamfikia. Kwanza tujue chombo chenyewe.

Huku kwetu mtu akiinama shambani akasikia mgongo unauma, anasema "ni mafigo". Mara nyingi sio mafigo, ni mgongo tu, ni jembe na mlima. Figo likiharibika polepole kwa kawaida haliumi kabisa. Hiyo ndiyo shida yake. Jino likioza linakunyima usingizi, lakini figo linaweza kupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake na wewe bado unabeba gunia.

Mafigo ni mawili, kila moja kubwa kama ngumi yako, yamekaa nyuma, kando ya uti wa mgongo, juu yakifunikwa kidogo na mbavu za mwisho. Ni madogo, lakini damu inayopita humo ni nyingi mno: karibu sehemu moja kwa tano ya damu yote ambayo moyo unasukuma. Ni kama lita moja kila dakika. Na mtu mzima ana damu ya lita 5 hivi, kwa hiyo hesabu mwenyewe inazunguka mara ngapi kabla hujamaliza kusoma hapa.

Ndani ya kila figo kuna nefroni kama milioni moja. Nefroni ni kamrija kembamba sana, huwezi kukaona kwa macho. Kichwani kuna mishipa midogo ya damu iliyojikunja kama kafundo ka uzi, inaitwa glomerulasi, na imekaa ndani ya kitu kama kikombe, kapsuli ya Bowman. Damu inaingia pale kwa nguvu. Kuta za ile mishipa zina vitundu, na ile presha inasukuma maji, chumvi, sukari na uchafu kupita kwenye vitundu mpaka ndani ya kikombe. Chembe za damu ni kubwa, hazipiti. Protini karibu zote hazipiti pia. Shikeni hilo la protini, tutalihitaji.

Sasa sikia kiasi kinachochujwa hivyo: kama lita 180 kwa siku. Yaani jerikeni 9 za lita 20! Sisi tuliopanga foleni kwenye bomba tunajua jerikeni 9 ni nini. Lakini mkojo wa mtu kwa siku ni kama lita moja na nusu. Hayo maji mengine yote yameenda wapi?

Hapa ndipo mafigo yalinishangaza, na wa kunielewesha ni akina mama wa Kyarumba. Wote mnajua milima ya huku ni ya kahawa, na ushirika wa Bukonzo Joint uko hapa hapa. Mama anayechagua kahawa hatafuti uchafu mmoja mmoja ndani ya gunia. Anamwaga zote kwenye meza, halafu mkono wake unarudisha zile nzuri. Inayobaki ndiyo takataka. Nefroni inafanya vilevile. Inamwaga karibu kila kitu kidogo kwenye mrija, kizuri na kibaya, halafu mrija wenyewe unaanza kuokota. Sehemu ya kwanza ya mrija inarudisha sukari yote kwenye damu, na sehemu kubwa ya maji na chumvi. Mrija unashuka chini na kupanda tena kama herufi U, pale maji mengine yanarudi, na chumvi pia. Mwishoni kabisa mwili unaamua: kama leo umekunywa maji machache, ubongo unatuma homoni inayosema "shika maji", na mkojo unatoka kidogo, wa njano kali. Ukinywa sana, unatoka mwingi, mweupe. Kati ya zile lita 180, zaidi ya 178 zinarudi.

Inayobaki ni urea na uchafu mwingine. Urea inatokana na protini tunazokula, maharage, samaki, nyama. Mwili ukizitumia unabaki na sumu ya amonia, ini linaigeuza kuwa urea, na mafigo yanaitupa nje. Isipotupwa, inajaa kwenye damu, mtu anatapika, anachoka, na mwisho akili inavurugika. Na kazi haijaisha hapo. Mafigo yanasaidia kupanga presha ya damu, na yanatuma homoni inayoambia mifupa itengeneze damu mpya. Ndio maana mgonjwa wa mafigo mara nyingi ana upungufu wa damu pia.

Sasa huyo mtoto. Mimi najitolea kambini Rwamwanja, lakini dada yangu na wanawe wanakaa Kyarumba kwa ndugu zetu. Sisi Wanande wa upande wa Beni na Wakonjo wa huku lugha ni moja, mpaka tu ndio umetugawa. Walikuwa wanalala watu 9 chumba kimoja, na upele ukaingia. Watoto wakajikuna mpaka vidonda vikatoa usaha. Vikapona, wote wakasahau. Kama wiki 3 baadaye, yule wa miaka 6 akaamka uso umevimba, macho yamefumba. Jioni uvimbe ukashuka miguuni. Halafu ule mkojo.

Mimi nilikuwa nimekuja kuwatembelea. Koko, bibi yetu, alisema wazi kuna mtu amemroga, maana uso wa mtoto hauvimbi bure. Alikuwa ameshatenga kuku wa kumpelekea mganga. Dada akaniita pembeni: "Kaka, wewe unakaa na watu wa afya kule kambini. Niambie, nimsikilize koko au nipande boda?" Nikamuuliza kitu kimoja tu: "Tangu asubuhi amekojoa mara ngapi?" Akasema mara moja, kidogo. Tukapanda boda.

Pahali pa kwanza hawakuwa na karatasi za kupimia mkojo, wakatupa dawa ya malaria bila kupima. Tukaendelea mbele. Pahali pa pili walichovya kale kakaratasi kwenye mkojo, rangi zikabadilika palepale: damu iko, protini iko. Mnakumbuka nilisema vitu hivyo havipiti kwenye vitundu? Vikionekana kwenye mkojo, maana yake kichungio chenyewe kimeumia. Wakampima presha, ilikuwa juu, mtoto wa miaka 6! Muuguzi akatueleza polepole. Vijidudu vya kwenye vidonda viliamsha kinga ya mwili. Kinga ikapigana ikashinda, lakini mabaki ya vita yale yakabebwa na damu mpaka kwenye glomerulasi, yakanasa, zikavimba. Maji na chumvi vikashindwa kutoka, ndio uvimbe na presha. Koko alisikia yote, akauliza: "Kwa hiyo aliyemroga ni upele?" Muuguzi akasema, "Ndiyo, mama, ni upele."

Walimlaza, wakampa dawa ya kutoa maji, dawa ya presha na antibiotiki, na chumvi ikakatazwa. Hapo ndipo vita vya nyumbani vilianza, maana Kasese ni wilaya ya chumvi ya Katwe, na kwa koko chakula bila chumvi ni adhabu. "Koko, ni wiki chache tu," tukamwomba. Akakubali, ila alikuwa anageuza uso mtoto akila. Watoto wengi wenye shida hii wanapona, nefroni zinarudi kazini. Wetu mkojo umerudi rangi yake, lakini bado anapelekwa kupimwa presha.

Wakubwa hatuna bahati hiyo sana. Presha ya miaka mingi na kisukari vinaua nefroni moja moja, na ikikufa haioti tena. Malaria kali inaweza kupasua chembe za damu mpaka mkojo ukawa mweusi. Kipindupindu na kuhara vinakausha maji, na damu ikipungua kichungio kinakosa presha. Na kuna hili la vijana: umelima juani, hujanywa maji, jioni unameza diklofenaki, kesho tena. Dawa hiyo inabana mishipa inayopeleka damu kwenye nefroni, na mtu aliyekauka ndiye anayeumia zaidi. Dawa za mizizi nazo, hakuna anayejua kipimo chake wala zinaacha nini ndani.

Mafigo yote yakizima, kuna mashine ya kusafisha damu. Aliyetengeneza ya kwanza yenye kufaa kweli kwa binadamu alikuwa daktari Mholanzi, Willem Kolff, mwaka 1943, nchi yake ikiwa imekaliwa na jeshi la Ujerumani. Vifaa hakuna, akatumia ngozi za selofani za kufungia soseji. Wagonjwa wake wa kwanza karibu wote walikufa, mpaka 1945 mama mmoja akapona. Nafikiri sisi tuliokimbia vita tunaelewa mtu anayefanya kazi hivyo. Leo mashine ziko Kiruddu kule Kampala na ziko Mbarara, na Desemba 2023 Mulago walipandikiza figo kwa mara ya kwanza Uganda. Lakini mashine inataka mgonjwa arudi mara 2 au 3 kwa wiki, saa 4 kila mara. Kutoka Kyarumba au Bwera, piga hesabu ya nauli tu, utaacha.

Tangu Ebola ilipofika Bwera Juni 2019, huku kila mtoto anajua kunawa mikono. Na hili tunaweza kulijua. Tibu upele wa nyumba nzima siku moja, sio mtoto mmoja. Pima presha hata kama hujisikii mgonjwa. Uso ukivimba asubuhi, mkojo ukiwa wa chai au kokakola, ukiwa na povu lisiloisha, au ukipungua sana, nenda ukapimwe mkojo siku hiyo hiyo, na wakikosa karatasi uliza ni wapi ziko. Kakaratasi kale ni ka bei ndogo. Kuku wa koko ilikuwa bei kubwa zaidi, na yuko hai, anataga.