Kabla ya Bomba la Plastiki

Nilianza uuguzi Nyakatuntu enzi Kyerwa ikiwa bado sehemu ya Karagwe, kabla ya wilaya kugawanywa mwaka 2012. Zahanati yetu ilikuwa na mabomba ya sindano ya kioo, machache. Kliniki ya mama na mtoto ikiisha, tuliyafungua, tukayasuuza, tukayachemsha kwa dakika 20 kwenye jiko la mafuta ya taa. Sindano zikiwa butu tulizinoa kwa jiwe. Taka za siku nzima zilikuwa pamba na bandeji, tukizichoma kwenye shimo nyuma ya migomba.

Kisha ugonjwa ukaingia. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani kwetu Kagera, na watu wakauita Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikivushwa kutoka Uganda. Hofu ikafika hadi chumba cha sindano. Akina mama walikuja na mabomba mapya waliyonunua dukani: "Nesi, mchome mtoto kwa hili." Walikuwa na haki. Mafuta ya taa yalikuwa yakikosekana, na pasipo moto hakuna kuchemsha.

Ndiyo maana plastiki tuliipokea kwa shukrani. Mwaka 1999 WHO, UNICEF na UNFPA walihimiza kwamba hadi mwisho wa 2003 chanjo zote zitolewe kwa mabomba yanayojifunga yenyewe yakishatumika mara moja. Yalikuja na visanduku vya njano vya kadibodi, watoto wakachanjwa bila wasiwasi.

Lakini shimo letu lilibaki lile lile. Sasa lilimezeshwa mabomba, mirija ya dripu na glavu, na moto wa shimoni hauna joto la kuvimaliza. Viliyeyuka nusu, moshi mweusi ukaingia chumba cha uzazi. Mirija ya PVC ikiungua namna hiyo hutoa dioksini, sumu isiyotoka mwilini upesi. Watoto nao walichokoa majivu wakitafuta mabomba ya kurushiana maji.

Tukazungushia shimo uzio, tukaanza kutenganisha taka. Kwa makadirio ya WHO, takriban asilimia 85 ya taka za vituo vya afya ni za kawaida kama za nyumbani; zikichanganywa na zenye damu, zote huwa hatari. Vibakuli vya chuma tuliendelea kuvichemsha. Kazi ngumu ilikuwa kupunguza sindano zenyewe, kwa kuwa wengi waliamini homa haiponi bila kuchomwa.

"Mwanangu, unaninyima dawa?" mzee mmoja aliniuliza.

"Sikunyimi, baba. Vidonge hivi vinatosha kukuponya."

Vijana wakisema turudi kwenye kioo, nawakatalia. Usalama ule tuliupata kwa machozi. Ninachowaomba waganga ni kwamba kidonge kikitosha, wasiandike sindano. Na serikali ivipatie vituo vya vijijini mitambo ya kutakasa taka kwa mvuke, ili wauguzi waache kuchoma plastiki mlangoni pa wazazi.